“Flapu zipo?” Ulimi unajibu kabla ya jicho

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nasomea urubani, niko hatua ya leseni ya biashara, na mwakani natarajia kuanza kurusha ATR 72, ndege ya abiria ya panga boi, nikiwa rubani msaidizi. Nimesoma ripoti kadhaa za ajali ambapo marubani wenye maelfu ya saa angani walijaribu kuruka bila kushusha flapu (vipande vya bawa vinavyoshushwa ili bawa lipate mnyanyuko zaidi), na kinasa sauti kinaonyesha mmoja wao alitamka kabisa kwamba zimewekwa. Mtu anawezaje kusema kitu kipo ilhali hakipo? Honi ya tahadhari nayo inakuwa wapi? Na kapteni akiwa na haraka, mimi mgeni nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Tuanze na la kwanza, maana mengine yote yanatokana nalo. Rubani yule hasemi uongo. Anajibu kutoka kichwani badala ya kujibu kutoka kwenye geji. Ameshatamka “flapu 15” mara elfu mbili, na mara zote hizo zilikuwa 15 kweli, kwa hiyo ulimi umeijua njia kama punda anayerudi nyumbani bila kushikwa hatamu. Siku ambayo liva, yaani mpini wa kushushia flapu, haikuguswa, neno linatoka vilevile, kwa sauti ileile, na aliyekaa pembeni analipokea kama alivyozoea.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Dallas-Fort Worth, Marekani, tarehe 31 Agosti 1988, Boeing 727 ya Delta, safari namba 1141. Mhandisi wa ndege alisoma “flapu”, akajibiwa “kumi na tano, kumi na tano, taa ya kijani”. Liangalie jibu hilo kwa makini. Linadai kwamba vitu vitatu vimetazamwa: mahali liva ilipo, sindano za geji, na taa. Wachunguzi walihitimisha kwamba flapu na slati (vipande vya mbele ya bawa) hazikuwa zimewekwa kwa ajili ya kuruka, na honi haikulia. Watu 14 kati ya 108 waliokuwemo walifariki. Dakika chache kabla, wakiwa kwenye foleni ya kwenda kuruka, marubani walikuwa wakipiga soga na mhudumu wa ndege ndani ya chumba chao. Kanuni ya Marekani inayokataza mazungumzo yasiyohusu kazi wakati ndege inatembea ardhini, na ikiwa angani chini ya futi 10,000, ilikuwepo tangu 1981. Kwa hiyo kanuni haikukosekana.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya, kwa sababu kwenye ndege ndogo za mafunzo tofauti yake haionekani vizuri. Kule umezoea kusoma mstari, kufanya, kusoma mstari unaofuata. Kwenye ndege za abiria, katika hali ya kawaida, kila rubani kwanza hufanya kazi zake kwa kumbukumbu, mkono ukifuata njia moja isiyobadilika: paneli ya juu, unashuka mbele, unamalizia katikati kwenye liva. Cheklisti huja baada ya hapo, na kazi yake ni kuhakiki mambo machache ambayo yakikosewa yanaua. Ndiyo maana ni fupi mno. Cheklisti ya kabla ya kuruka ya Boeing 737, kama inavyotoka kwa mtengenezaji, kimsingi ina mistari miwili: flapu pamoja na taa yake ya kijani, na trimu ya mkia, yaani mpangilio wa mkia unaosawazisha pua ya ndege. Mgeni huiona akacheka. Lakini ufupi huo maana yake kila mstari umebeba roho za watu. Mkono ukiruka hatua, cheklisti ndiyo wavu pekee uliobaki. Ukiisoma nayo kwa kumbukumbu, basi umetupa wavu uleule uliotoboka mara ya pili.

Sasa, ni kitu gani kinautoa mkono kwenye njia yake? Karibu kila mara ni kukatizwa.

Detroit, 16 Agosti 1987, MD-82 ya Northwest, safari namba 255. Kwa utaratibu wao, rubani msaidizi alitakiwa kushusha flapu mara tu ndege inapoanza kutembea. Lakini wakati huohuo mwongoza ndege aliwabadilishia njia ya kurukia, akawataka wasikilize taarifa mpya ya uwanja na wahamie masafa mengine ya redio. Rubani msaidizi akawa ameinamia karatasi za uzito kuhakikisha kwamba ile njia mpya inawatosha. Wakapitiliza kiungio walichotakiwa kukatia kona. Mlolongo huo ulipokwisha, ule muda ambao kwa kawaida ungemkumbusha kushusha flapu ulishapita zamani. Kapteni hakuiita cheklisti ya kutembea, rubani msaidizi hakuikumbushia. Watu 156 walikufa, wawili kati yao wakiwa chini, na ndani ya ndege alipona mtoto mmoja wa miaka minne.

Kumbukumbu ya jambo la kufanya baadaye huwa tunaitundika kwenye msumari: “tukianza kutembea, nashusha flapu.” Msumari huo ukipita wakati mikono imejaa, hakuna kingine kitakachokugusa bega. Utaendelea na safari ukiwa na hisia kamili kwamba kila kitu kipo sawa, maana kusahau hakuna sauti wala harufu. Kwa sababu hiyo mashirika mengi yamehamisha kazi ya kushusha flapu, sasa hufanywa ndege ikiwa bado imesimama, baada ya mtu wa chini kuondoka na kuonyesha dole gumba. Msumari umetolewa mahali penye pilikapilika ukapelekwa mahali penye utulivu. Huo ndio usanifu mzuri wa taratibu, na ukiona shirika lako bado linashusha flapu ndege ikiwa inatembea, usilione kama jambo la kawaida tu.

Madrid inafundisha zaidi ya hapo. Tarehe 20 Agosti 2008, MD-82 ya Spanair, safari JK5022 kwenda Gran Canaria, ilifika karibu na njia ya kurukia, marubani wakaona kipima joto cha hewa ya nje kinasoma zaidi ya nyuzi 100. Wakarudi kwenye maegesho. Fundi akakuta kipasha joto cha kipima hicho kinafanya kazi ndege ikiwa chini, jambo lisilotakiwa. Kitabu cha kasoro zinazoruhusiwa kilimruhusu kukikatia umeme kwa kuvuta breka (swichi ya kukatia umeme), akafanya hivyo, ndege ikaachiwa iende. Kumbuka kipasha joto hicho, tutakirudia.

Joto, saa zimekwenda, abiria wamekaa ndani. Injini zikawashwa upya. Rubani msaidizi akawa anaisoma cheklisti ya baada ya kuwasha injini, na alipofika kwenye mstari wa mwisho, ambao ni flapu na slati, kapteni akamwambia aombe ruhusa ya kutembea. Akaomba. Mstari ule haukurudiwa. Karibu kabisa na kuruka, kwenye ukaguzi wa mwisho, rubani msaidizi akatamka mwenyewe mfululizo wa namba, ikiwemo “kumi na moja” ya flapu. Kifaa cha kurekodi kinaonyesha flapu zilikuwa sifuri. Walikufa watu 154, wakapona 18.

Mimi naiona hatari kubwa katika kule kurudi maegeshoni. Flapu zilikuwa zimeshashushwa mara ya kwanza walipotoka, kisha zikapandishwa. Kwa hiyo kichwani mwao kumbukumbu ya kushusha flapu mchana ule ilikuwepo, na ilikuwa ya kweli kabisa, ila ni ya matembezi ya kwanza. Ukirudi maegeshoni kwa sababu yoyote ile, iwe abiria mgonjwa, mzigo au taa ya hitilafu, chukulia kwamba ndege hujawahi kuiandaa. Anza mwanzo wa mwanzo, hata kama kapteni anaona unapoteza muda.

Na honi? Kwenye ndege zilizopata ajali hizi tatu kulikuwa na honi ya kukutahadharisha ukisukuma liva za nguvu wakati ndege haijaandaliwa. Detroit haikulia kwa sababu umeme haukufika kwenye mfumo wake. Dallas haikulia kwa sababu mfumo ulikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeijua. Madrid haikulia, na hapo ndipo kile kipasha joto kinaporudi. Relei (swichi ya umeme) ileile inayoiambia ndege “uko chini, zima kipasha joto” ndiyo inayoiambia honi “uko chini, kaa macho”. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kikamilifu kilichoizima honi, ila dalili ilikuwa pale pale juani: kipasha joto kilikuwa kinafanya kazi kana kwamba ndege iko angani. Breka ilipovutwa, dalili ikanyamaza, ugonjwa ukabaki. Baada ya ajali, mamlaka ya Ulaya ikaamuru honi ya ndege za aina hiyo ijaribiwe kabla ya kila safari, badala ya kutegemea jaribio la mara moja kwa siku.

Kuna pia honi inayolia na isisikilizwe. Buenos Aires, 31 Agosti 1999, Boeing 737 ya LAPA ilikimbia njia nzima honi ikipiga kelele. Marubani walikuwa wametekwa na maongezi ya mambo yao binafsi, flapu hawakushusha, na ilipolia hawakuelewa inasema nini. Walikufa watu 65. Na mwaka 2005 kwenye 737 ya Helios iliyotoka Larnaca, swichi ya mgandamizo wa hewa iliachwa upande wa kuendeshwa kwa mkono baada ya mafundi kupima mlango usiku. Marubani hawakuiona kwenye ukaguzi wa kabla ya safari, wala kwenye cheklisti zilizofuata. Ndege ilipopanda honi ikalia, na kwa kuwa sauti yake ni moja na ile ya maandalizi ya kuruka, waliidhania ni ile ya ardhini. Hewa ikawaishia wakiwa wanajadili kitu kingine. Watu 121 walifariki.

Kwa hiyo ichukulie honi kama jirani anayekuita usiku: akiita, shukuru na uitike, ila usiache mlango wazi kwa kumtegemea. Ikilia unaposukuma nguvu, rudisha liva nyuma, simama, kisha ndipo muulizane. Mtu akisema “hii huwa inasumbua”, bado mnasimama. Kwenye ATR kuna kitufe cha kujaribu maandalizi hayo kabla hujasukuma chochote. Kibonyeze mahali ambapo utaratibu unasema, na usikilize majibu yake hadi mwisho.

Kuna kisa cha hapa kwetu ambacho sijui kwa nini hakifundishwi zaidi. Tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa, safari namba 540 kutoka Frankfurt kwenda Johannesburg, iliruka kutoka Nairobi, uwanja ukiitwa bado Embakasi. Liva ya flapu ilikuwa mahali pake. Flapu za nyuma ya mabawa zilikuwa zimeshuka. Zilizokosekana ni zile za mbele ya mabawa, ambazo kwenye 747 za kwanza zinaendeshwa na hewa inayovutwa kutoka kwenye injini. Vali za hewa hiyo zilikuwa zimeachwa zimefungwa, na mhandisi wa ndege alitakiwa azifungue kwa mujibu wa cheklisti. Ndege ikainuka, ikaanza kutikisika, ikashindwa kupanda, ikaanguka kama kilomita moja baada ya mwisho wa njia. Kati ya watu 157, 59 walifariki. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu. Uwanja uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na akiba ya mnyanyuko ni ndogo. Kosa ambalo Mombasa lingeweza kukuachia nafasi ya kupumua, Nairobi linakumaliza.

Hilo ndilo linaloniongoza kukuambia utazame nini. Liva inaonyesha ulichoomba. Geji inaonyesha ulichopewa. Ukishusha flapu za 737 kwenda 5, liva inaingia kwenye tundu lake mara moja, lakini flapu zenyewe huchukua sekunde kadhaa kufika. Kwenye geji kuna sindano mbili, ya kushoto na ya kulia, zinazotakiwa kwenda pamoja zikiwa zimelaliana. Zikiachana, kuna tatizo. Kuna taa ya rangi ya kaharabu inayosema flapu za mbele bado ziko njiani, kisha inazima na ya kijani inawaka. Ukijibu “tano, taa ya kijani” wakati sindano bado zinatembea, hujadanganya sana, lakini umejifundisha kujibu kabla ya kuona, na mazoea hayo yatakudai siku nyingine. Subiri. Nyoosha kidole, ikibidi uguse, tazama geji, ndipo utamke namba unayoiona. Usijibu “imewekwa” wala “tayari” mahali panapotaka namba, kwa kuwa “tayari” inaweza kutamkwa macho yakiwa yamefumbwa.

Mazoea hujengwa kimyakimya. Mwaka 2014 huko Bedford, Marekani, ndege binafsi aina ya Gulfstream IV ilishindwa kuruka kwa sababu kufuli linalozuia usukani usitikiswe na upepo lilikuwa bado limefungwa. Walikufa watu saba. Wachunguzi walipofungua rekodi za safari za nyuma walikuta kwamba katika kuruka mara 175, marubani walikuwa wameacha kufanya ukaguzi kamili wa usukani mara 173. ATR yako nayo ina kufuli kama hilo. Ukaguzi wa usukani ni kwenda mwisho wa kila upande, mbele, nyuma, kushoto, kulia, pedali zote mbili, taratibu, hadi ugonge mwisho. Kuutingisha tingisha ukiwa unazungumza kwenye redio hakuhesabiki.

Kuhusu kukatizwa, hutaweza kukuzuia. Mnara utaita, mhudumu atagonga mlango, mtu wa mizigo ataleta karatasi nyingine. Unachoweza ni kuweka alama. Kidole gumba kikae kwenye mstari mlioishia, kadi isirudi mahali pake, na wengine huilaza juu ya liva za nguvu ili mkono usiweze kuzisukuma bila kuiondoa. Mkirudi, msianzie pale mnapodhani mliishia: anzeni cheklisti hiyo upya. Ni sekunde kumi na tano. Mkibadilishiwa njia ya kurukia, omba msimame, wekeni breki ya maegesho, mkokotoe kasi, flapu na trimu mkiwa mmetulia wote wawili. Kapteni anayetembeza ndege peke yake huku mwenzake ameinamia kompyuta ni yale yale ya Detroit.

Nje ya ndege sitakaa sana, ila usizunguke ndege kama mtu anayenyoosha miguu. Mwaka 2018 A330 ya Malaysia Airlines iliruka Brisbane na vifuniko kwenye mirija yote mitatu ya kupima mwendo. Vilivalishwa kwa sababu kule nyigu hujenga ndani ya mirija hiyo. Kila aliyepita alidhani mwingine atavitoa, na wakaruka bila kipimo cha mwendo cha kuaminika. Bahati nzuri walirudi salama. Kwenye ATR ongeza ile nguzo inayoshikilia mkia wakati wa kupakia, na kabari za magurudumu. Na kwenye ndege zenye pini inayozima usukani wa gurudumu la mbele wakati wa kusukumwa, pini hiyo ina utepe mwekundu ili mtu wa chini auinue uuone mkononi mwake. Usipouona, hujasukumwa ukamaliza.

Sasa kapteni mwenye haraka. Ndege ikiwa chini, kwa kawaida yeye ndiye anayeitembeza na wewe ndiye unayesoma. Maana yake neno “imekamilika” liko mdomoni mwako, na bila hilo cheklisti haijaisha, hata awe na saa elfu ishirini. Huhitaji kubishana wala kumfundisha. Taja ukweli na unachofanya: “Kapteni, tulikatikia kwenye flapu, naanza cheklisti upya.” Ni heshima, ni fupi, na haimpi nafasi ya kujibu ndiyo au hapana. Akisema “tumeshaweka”, jibu “sawa, naitazama”, na uitazame kweli. Ikiwa mmeshaingia kwenye njia, ruhusa ya kuruka imetolewa, na ghafla hukumbuki kama ule mstari ulisomwa, bonyeza redio mwenyewe umwambie mwongoza ndege kwamba hamjawa tayari. Atawatoa kwa kiungio kinachofuata, atapitisha ndege nyingine, na mtapoteza dakika tano hivi.